Hatua Tatu za Shamba la Ma Leontina

Buganguzi, Jumamosi mchana

Mwanangu Kokuhirwa,

Umeondoka saa nne kwenda Kagoma kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kusikiliza habari za magoti yake. Kwa hiyo nina mchana mzima. Begi lako liko karibu na mlango. Nimelifungua, usinikasirikie. Barua hii nitaiweka chini kabisa, ndani ya viatu vyako vipya vya kazi, ili uikute ukiwa umeshafika Tunduru na siyo kabla. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za wenye nyumba wakorofi umezisikia mpaka umechoka, sitazirudia.

Zile karatasi zako za chuoni ulizoniambia niwashie moto, sikuziwasha. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita. Huwezi kunipa karatasi zenye maandishi nikazitia jikoni bila kuzisoma, hiyo ulipaswa kuijua. Nimezisoma zote, na zile za Kiingereza nimezisoma na kamusi pembeni, taratibu, kama mtoto anayeanza irabu. Zile za somo la uhalifu nimezirudia.

Kuna ukurasa uliupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Unasema mtu hazaliwi mhalifu, bali anajifunza uhalifu kama anavyojifunza kazi nyingine yoyote. Anajifunza kwa watu wake wa karibu. Hajifunzi mbinu tu, anajifunza na maneno ya kujihalalishia. Na akiona mwenzake ametenda akafaidika, naye hutenda. Pembeni, kwa mwandiko wako ambao niliufundisha mwenyewe, uliandika mfano: "Proje na Novath."

Nilikaa na ukurasa ule magotini mpaka chai ikapoa. Mwanangu, mfano wako una kosa, na kosa hilo nililiweka mimi. Kesho unakwenda kuwa afisa ustawi wa jamii, utaingia nyumba za watu na kuandika kilichowaharibu watoto wao. Siwezi kukuacha uende na mfano ule.

Tata yako, mume wangu, alipofariki, kaka yako Proje alikuwa na miaka kumi na miwili na wewe saba. Matanga hayajaisha vizuri, baba zako wadogo walikuja na panga wakakata kibanja chetu cha migomba upande wa juu, penye kahawa nzuri. Walisema ule ni upande wa ukoo, na mimi siyo wa ukoo. Wazee waliopaswa kunisikiliza walikuwa wameshakunywa pombe ya rubisi nao. Nilirudi nyumbani nikavaa gauni la kazini, nikaenda kufundisha kutoa na kujumlisha. Sikulia mbele ya mtu. Lakini nilianza kuangalia upande wa chini wa kibanja, kwa Ma Leontina.

Ma Leontina aliishi peke yake, kama anavyoishi sasa, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kati yake na sisi palikuwa na mstari wa milamula tu. Wewe unaijua, lakini nakuandikia ili hata ukimwonyesha mtu wa Tunduru aelewe: ni mimea mirefu yenye majani membamba, huku kwetu ndiyo ukuta na ndiyo hati ya shamba. Ukikata fimbo yake wakati wa masika ukaichomeka ardhini, baada ya wiki chache imeshika. Mwakani mtu akipita ataapa kwamba ilikuwa pale tangu enzi za babu yake.

Jumapili moja ya masika, Ma Leontina alipokwenda misa ya kwanza, mimi nilibaki. Niliwaambia tutakwenda misa ya pili. Nilimwita Proje, tukaing'oa ile milamula mmoja mmoja, tukaisogeza hatua moja ndefu ndani ya shamba la yule mama. Mvua ilikuwa inanyunya. Proje alikuwa mwepesi kuliko mimi, alichimba, akapanda, akashindilia kwa kisigino. Katikati ya kazi aliniuliza, "Mae, Ma Leontina hatajua?"

Nikamjibu, "Yeye mwenyewe halimi hata nusu. Kitu ambacho mwenyewe hakitumii, ukikichukua hakuna anayeumia."

Tulipomaliza tulinawa miguu, tukaenda misa ya pili, na mimi nikapanga foleni ya komunyo nikiwa na udongo ndani ya kucha. Mchana nilichinja kuku. Firigisi, ambayo tangu Tata yako afariki haikuwa imeliwa na mtu katika nyumba hii, niliiweka kwenye sahani ya Proje, nikamwambia kuanzia leo yeye ndiye mwanaume wa hapa. Uso wake ulivyong'aa, Koku! Mtoto alikula ile firigisi kwa vipande vidogo vidogo ili isiishe.

Tulifanya hivyo masika matatu. Hatua tatu. Ndizi ulizokula ukasoma nazo sekondari, nyingi zilitoka kwenye hatua hizo.

Na wewe ulikuwepo. Masika ya pili ulikuwa na homa, hukwenda popote, na katikati ya kazi niligeuka nikakuona umesimama kwenye mlango wa jiko umejifunika blanketi. Hukuuliza kitu. Ulituangalia mpaka tukamaliza. Jioni ile homa ikiwa bado juu, ulichukua bakuli la maharage ukampelekea Ma Leontina bila kutumwa na mtu. Sijui kama unakumbuka. Mimi sijapata kusahau, kwa sababu niliogopa unakwenda kusema, nikakaa mlangoni roho juu mpaka uliporudi na bakuli tupu.

Sasa njoo tuongee kama watu wawili waliosoma, Bi Afisa. Karatasi zako zinasema kweli au hazisemi?

Kwa Proje zinasema kweli mpaka zinatisha. Alikuwa na mtu wa karibu, tena mama. Aliona. Akashiriki kwa mikono yake. Akalipwa kwa firigisi na kwa jina la mwanaume wa nyumba. Kama ningekuwa natunga mtihani nisingepata mfano safi kuliko huo. Na zile kanuni zenu za sifa na adhabu zinaweza hata kukueleza wewe, maana siku ile ulililia firigisi nikakunyima.

Lakini halafu nafika kwangu mwenyewe, hapo karatasi zinanyamaza. Babu yako, baba yangu, alikuwa ndiye mtu anayeitwa mipaka inapogombaniwa. Alikuwa anatembea kwenye mstari wa milamula ya watu huku amevua kofia. Sikuwahi kumwona akichukua hata mkungu usio wake, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake siku zote, mtoto wake wa kupendwa. Kama ni kuona, niliona haki mpaka nikashiba. Wizi nilifundishwa na nani? Unaweza kusema nilifundishwa na baba zako wadogo, kwamba mtu hujifunza hata kwa adui. Haya, nakubali, na pengine mwalimu wenu angekupa alama kwa jibu hilo. Ila Ma Leontina naye alinyang'anywa, tena na mimi, na hajamnyang'anya mtu kitu. Mbona somo hilo hakulishika?

Mimi naijua kazi ya kufundisha. Utamfundisha mtoto kugawanya siku kumi mfululizo, siku ya kumi na moja anakuangalia kama hajawahi kukuona. Tusi moja analisikia mara moja njiani, analileta darasani likiwa zima. Na wenzake arobaini waliokuwa njiani naye wamelisikia vilevile na hawalitumii. Kuna kitu kati ya kuona na kutenda ambacho mwalimu hakifikii. Sijui kinaitwaje. Nilikitafuta kwenye karatasi zako, nikakuta mwandishi mmoja anakizunguka tu.

Ngoja nifike penye maumivu.

Unakumbuka Proje alipokamatwa. Alikuwa ameuza kiwanja cha mtu kule Bilele, Bukoba mjini, kwa watu wawili tofauti, kwa karatasi alizotengeneza mwenyewe. Alikuwa anaishi chumba kimoja na Novath, yule rafiki yake wa utotoni, fundi wa simu. Habari zilipofika hapa kijijini, kila aliyekuja kunipa pole alikuja na jibu mkononi: marafiki wa mjini. Ma Leontina mwenyewe alikuja, ameshikwa mkono, akakaa na mimi siku nzima. Aliniambia, "Mwalimu, usijilaumu. Wewe ulilea vizuri, waitu. Watoto wanaharibiwa na wenzao." Nilimeza maneno hayo kama dawa.

Halafu akaja afisa kutoka mjini, mwanamke kijana kama wewe, na daftari. Alitaka habari za nyumbani ili mahakama ifikirie adhabu. Aliniuliza kama kijana alipata kuona mambo ya udanganyifu katika malezi yake. Kalamu yake ilikuwa imesimama, anasubiri. Kokuhirwa, nilikuwa na nafasi yote duniani ya kusema. Dirishani nyuma ya kichwa chake ilikuwa inaonekana ile milamula.

Nikamwambia, "Hapana. Hapa tumelelewa kwa sala. Aliyemharibu ni Novath."

Aliandika. Nikaona anaandika haraka, amefurahi, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. Ndiyo maana nakuandikia. Maelezo yale ya watu wa karibu na ya kuiga ni matamu sana kwa mtu mwenye hatia, kwa sababu siku zote yupo mtu mwingine wa karibu wa kumnyooshea kidole.

Mahakamani Proje aliulizwa kwa nini alifanya vile. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mwenye kiwanja hakuwa anakitumia. Nilijua hakuna atakayeumia." Maneno yangu, mwanangu. Hakubadilisha hata moja, isipokuwa shamba limekuwa kiwanja. Nilihisi kama watu wote wamegeuka kuniangalia, lakini hakuna aliyegeuka. Halafu ikasomwa taarifa ya yule afisa: mama ni mwalimu, nyumba ya maadili, kijana alivutwa na rafiki. Hapo Proje alinyanyua uso akanitazama. Mimi nikaangalia mikono yangu. Akapewa miaka mitano.

Novath hakushtakiwa, hakuwa na kosa lolote. Lakini niliendelea kumtaja, kanisani, sokoni, kwenye vikao vya akina mama, mpaka mama yake akaacha kunisalimia na wateja wake wakaacha kumpelekea simu. Nasikia yuko visiwani, ananunua dagaa. Na wewe najua alikuwa anakupigia. Najua ulikuwa unatoka nje kuongea naye ukirudi unaimba, na najua ulipoacha kupokea. Uliacha kwa ajili yangu, ili usinitie uchungu. Nililiona hilo, nikanyamaza, na nikakushukuru moyoni kwa utii wako. Naona haya kuandika sentensi hiyo, lakini nimeiandika.

Mwezi uliopita nilikuambia nakwenda Bukoba kufuatilia mambo ya pensheni. Nilikwenda gerezani. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nikituma sabuni na sukari kwa mkono wako, na kusingizia miguu. Siku ile miguu ilikuwa mizima.

Amekonda, ila meno ni yale yale. Alipokaa mbele yangu alisema, "Mae, leo umekuja. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi kuna mtihani."

Alikuwa anatania, na mimi sikuwa na nguvu ya kutaniana. Nilimuuliza moja kwa moja kama ni mimi niliyemfundisha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ndiyo. Nadhani nilikuwa naitamani, kwa sababu ndiyo ingekuwa adhabu, na adhabu ina mwisho wake.

Akacheka. "Mae, wewe unadhani kila kitu duniani kina mwalimu. Koku si alikuwa mlangoni pale? Mbona yeye hayuko humu?"

"Lakini maneno uliyosema..."

"Maneno ni yako, sawa. Niliyakuta tayari mdomoni, nikayatumia. Ila ile asubuhi nilipokwenda kuuza, nilijua. Nilisimama nje ya nyumba ya mnunuzi nikiwa najua, na ningeweza kurudi. Kosa ni langu, Mae. Usininyang'anye na hilo."

Nilikuwa nimekwenda kujitwisha mzigo wake, na yeye alikuwa ameukalia. Nikamuuliza kama ana kinyongo na mimi. Akawa anakwangua meza kwa ukucha.

"Siku ile ya hukumu," alisema, "nilikuwa nakusubiri unyanyuke."

"Ningesema, wangekupunguzia?"

"Sikutaka kupunguziwa, waitu. Nilitaka nisiwe mwizi peke yangu mle ndani."

Muda ukaisha. Nilirudi nyumbani, nikakuta umepika, tukala, ukaniuliza pensheni imefikia wapi nikasema bado.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba hii kama mgeni. Unadhani ninahuzunika kwa sababu unaondoka, na ni kweli, nahuzunika mpaka kifua kinauma. Kesho nitabaki na redio na kuku wanne. Lakini upweke mwingine umekuwepo siku zote nikiwa nimezungukwa na watu wanaoniita Mwalimu na kunisogezea kiti. Kila anayenipenda huku anampenda mtu ambaye mimi simjui. Ma Leontina akileta kahawa za kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo, anamletea yule mtu. Mimi namsaidia kupokea.

Sikuambii haya ili uzitupe karatasi zako. Zishike. Mtoto hujifunza kwa walio karibu, mimi ni shahidi. Ila ukiingia nyumba ya mtu kule Tunduru, na mama amekaa mbele yako na gauni safi, akakwambia ni marafiki, usiandike haraka. Kaa kidogo. Kunywa maji yake. Na ukimkuta mama anayejipiga kifua kwamba yeye ndiye aliyesababisha yote, naye usiandike haraka. Mwulize na kijana mwenyewe, maana yeye ndiye aliyesimama nje ya ile nyumba akiwa anajua. Halafu waulize wale waliokuwa mlangoni wakaona vilevile, kwa nini hawakwenda. Wewe hukuwahi kuulizwa. Mimi nilipaswa kukuuliza miaka kumi na tano iliyopita: ulimpelekea maharage ya nini, mwanangu? Siku ukipata jibu, nipigie, hata kama ni neno moja.

Ule ukurasa nimeukunja pamoja na barua hii. Futa jina la Novath. Kama bado unayo namba yake mpigie, na kama unaona nimechelewa, umeona sawasawa, lakini mpigie. Mwambie ni mimi niliyemchafulia jina.

Kesho basi likishaondoka na wewe, sitarudi nyumbani. Nitampitia Ma Leontina nimshike mkono kwenda misa ya kwanza. Nitamwambia njiani, tukiwa wawili, kwa sababu anastahili kusikia kabla ya wengine. Misa ikiisha, watu wakiwa bado wamesimama nje wanasalimiana, nitawaambia wazee waje nami kibanjani niwaonyeshe mpaka ulipokuwa. Na nitamtaja Novath mbele ya mama yake, kwamba hakuwa na kosa. Nimejaribu kuyasema maneno hayo peke yangu hapa jikoni, sauti inatetemeka, lakini yanatoka.

Mchana simu yako itaanza kulia, labda ukiwa bado njiani, na haitanyamaza upesi. Watakuambia mama yako, Mwalimu, ni mwizi wa shamba la kipofu. Najua moyo wako. Utataka kuwajibu kwamba nilikuwa mjane, kwamba mimi ndiye niliyenyang'anywa kwanza, kwamba nilikuwa na watoto wawili wa kulisha. Maneno hayo yote ninayo, nimeyatumia miaka kumi na tano.

Usinitetee.

Mimi mama yako,
Adela